Mlima Ulioandikwa Kuwa Umetoweka

Machi 1888, msafara wa wapagazi uliotoka Pangani ulifika ncha ya kusini ya ziwa ambalo leo tunaliita Turkana, ukakuta mlima unafuka moshi mchana na kuwaka usiku. Mwaka 1897 msafiri Mwingereza alipita pande hizo hizo, akautafuta mlima ule, kisha akachapisha kwamba haupo tena. Mahali pake, aliandika, pamebaki uwanda wa lava. Kati ya taarifa hizo mbili kuna miaka tisa tu. Je, mlima mzima unaweza kufutika kwa muda huo?

Swali hili lilinianza nikiwa Umoja, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, mbali na ziwa lolote. Kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na stendi ya matatu alikuwa akituonyesha picha za Sakurajima, volkano ya Japani ambayo watalii huizunguka kwa basi huku inatoa majivu. Anaweka akiba aende akaione kwa macho yake. Tuliokuwa pale tulimwonea fahari. Lakini nilipouliza nani anajua kwamba Kenya nayo ina visiwa vitatu vya volkano, vyote ndani ya ziwa moja, watu walinitazama kana kwamba ninabuni. Inakuwaje mtoto wa Eastlands aijue volkano ya upande wa pili wa dunia na asiijue ya kwao?

Jibu la haraka ni kwamba ya Japani inafikika. Kutoka mji wa Kagoshima unapanda feri, na kwa muda wa kama dakika 15 uko Sakurajima. Kuna barabara ya kuzunguka, kuna mahali pa kusimama na kutazama, kuna vibanda vya zege vya kujikinga mawe yakiruka, na watoto huenda shule na kofia ngumu. Hata historia yake imeachwa wazi uione: katika kijiji cha Kurokami, lango la hekalu lililofukiwa mwaka 1914 bado limesimama na sehemu yake ya juu tu nje ya ardhi. Mlipuko huo ndio ulioifanya Sakurajima ikome kuwa kisiwa kamili, maana lava ilijaza mlangobahari na kuiunganisha na rasi ya Osumi. Kila kitu kimepimwa na kuandikwa tarehe. Sasa, je, kilichoandikwa ndicho kilichookoa watu?

Hapo hadithi inageuka. Kabla ya Januari 1914 wakazi wa Sakurajima waliona dalili, mitetemeko ya mara kwa mara na mabadiliko katika visima. Wakauliza waliokuwa na vipimo, wakajibiwa kwamba kisiwa hakitalipuka. Wengi waliamini macho yao wakaondoka. Baadhi waliamini jibu wakabaki. Miaka kumi baadaye, 1924, jiwe la ukumbusho lilisimamishwa kwenye shule ya kijiji, na maandishi yake yanawaambia watakaokuja wasitegemee nadharia peke yake, bali waondoke wakiona dalili. Sitaki kumlaumu yeyote. Vipimo vya wakati huo vilikuwa vichache. Ila jiwe hilo lilinirudisha kwenye mlima wetu uliotoweka. Nani aliuona, na nani aliulizwa?

Nilianza na waliokuwa karibu. Pumwani, katika mitaa ya Majengo, bado kuna familia zinazojua kwamba wazee wao walikuja bara na misafara, wakiwa wapagazi, askari au wapishi. Nilielekezwa kwa mama mmoja mzee sana. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniuliza kwanza kwetu ni wapi na nimekula nini. Nilipotaja ziwa lenye mlima wa moto hakushangaa. "Mjukuu wangu," alisema, "babu yangu alifika huko. Walitembea kwenye mawe ya moto mpaka nyayo zikapasuka. Walipoona maji wakayakimbilia, wakayanywa, wakayatema. Maji yale yana magadi." Alisema hayo huku akipepeta mchele, bila kunyanyua macho. Je, hiyo ni kumbukumbu ya familia, au ni hadithi iliyookotwa njiani?

Nilipiga hesabu. Mama huyu anasema alizaliwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Tuseme katikati ya miaka ya 1930. Baba yake anaweza kuwa amezaliwa karibu na 1900, na babu yake miaka ya 1860 na ushei. Mwaka 1888 babu angekuwa kijana wa kubeba mzigo. Hesabu inakubali. Lakini hesabu kukubali si ushahidi. Inatuambia tu kwamba jambo linawezekana. Misafara ya pembe ilikuwa mingi, na magadi yako katika maziwa mengi ya Bonde la Ufa. Je, kuna kitu kingine kinachoifunga Eastlands na msafara ule?

Kipo kimoja kinachotajwa sana. Kabla ya Shauri Moyo kujengwa, mwishoni mwa miaka ya 1930, Nairobi ilikuwa na kijiji kikubwa cha Waafrika kilichoitwa Pangani. Kilibomolewa, na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Wazee husema jina lililetwa na watu wa msafara kutoka Pangani ya pwani, mji ulio kwenye mdomo wa mto huko Tanga. Ni maelezo yanayoingia akilini, maana Pangani ilikuwa mlango mkuu wa misafara ya kaskazini. Lakini nimeyasikia yakisemwa kwa uhakika ambao hakuna karatasi niliyoiona inayoubeba. Jina linaweza kuletwa na mtu mmoja mwenye duka. Basi, waliobeba mizigo mwaka 1888 waliandikwa wapi?

Kitabu cha safari kipo. Aliyekiandika ni Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria na Hungaria aliyefuatana na kiongozi wa msafara, Count Sámuel Teleki. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1892, na kwa Kiingereza mwaka 1894, juzuu mbili zenye michoro na ramani. Humo nilikuta jambo lililonisimamisha. Wanaume wa msafara, baada ya mwendo wa jua na mawe, waliteremka wakikimbilia maji kwa vigelegele. Kisha wakarudi wamenyong'onyea, kwa sababu maji yale hayakuwa matamu. Ni kisa kile kile cha Majengo, ila kimeandikwa na mtu wa upande wa pili wa mzigo. Mama yule hasomi Kiingereza, ingawa mwanawe au mwalimu fulani angeweza kumsimulia. Kitabu kinathibitisha simulizi yake, au ndicho kilichoizaa?

Nilitafuta majina. Kitabu kinataja wachache: Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani aliyejua njia za bara kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake, na Qualla Idris, Msomali aliyekuwa msimamizi. Mamia ya wengine wamebaki kuwa idadi. Wanahesabiwa wanapoondoka na wanahesabiwa wanapokufa, na waliokufa kwa njaa safari ya kurudi walikuwa wengi. Nilikwenda Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, nikazungusha mikrofilamu za ripoti za mwaka za wilaya za kaskazini mpaka macho yakauma. Ripoti hizo zinaanza baada ya utawala wa kikoloni kufika huko. Mwaka 1888 haukuwa na ofisi wala karani. Mlango huo ulifungwa. Je, waliokuwa wakiishi penye mlima wenyewe walisema nini?

Walisema, na walinukuliwa, ila hawakusikilizwa. Msafiri wa mwaka 1897 aliuliza wenyeji kuhusu mlima. Walimjibu kwamba miezi kama sita kabla ya yeye kufika, ziwa lilifurika, maji yakaupiga mlima, mlima ukalipuka na moto ukazimika. Akaandika maneno yao, akaongeza ya kwake kwamba mlima umetoweka kabisa. Katika makala za baadaye nilizosoma, hilo la mlima kutoweka ndilo lililorudiwa tena na tena, na la ziwa kufurika likachukuliwa kama ngano. Kwa nini nusu moja ya taarifa iaminiwe na nyingine itupwe, wakati zote zimeandikwa na kalamu moja?

Hapa jiolojia inasaidia, kwa kiasi. Ncha ya kusini ya Turkana imezibwa na safu ya volkano inayokata Bonde la Ufa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Juu ya safu hiyo kuna matundu na koni nyingi. Koni inayoitwa Teleki katika ramani za leo si mlima mrefu. Ni koni ndogo upande wa kaskazini wa safu, na mito ya lava nyeusi imeteremka kutoka hapo kuelekea ziwani. Wanajiolojia waliofika baadaye waliikuta. Kwa hiyo mlima haukutoweka. Msafiri wa 1897, akiwa na mchoro wa kitabu mkononi, yaelekea alitarajia jabali kubwa lenye moshi, akakuta koni iliyozimika katikati ya koni nyingine, akadhani haipo. Hayo ni makisio yangu, na nadhani ni makisio mazuri. Lakini kama mlima uko, vipi kuhusu maji yaliyofurika?

Niliamua kwenda nikaone. Nairobi hadi Maralal unafika kwa matatu. Baada ya hapo unangoja lori, na lori huondoka likijaa. Baragoi, South Horr, kisha barabara inashuka na miti inapungua, na upepo unaanza. Karibu na Sarima kuna mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, na mtu akiona mapanga yale yanavyozunguka haulizi tena kwa nini yamewekwa pale. Kwenye kilele cha mteremko wa mwisho mawe yanageuka meusi. Ndipo ziwa linapojitokeza lote, na ndani yake kisiwa kirefu chenye mgongo wa vilele, bila jengo, bila mti unaoonekana. Hicho ndicho Kisiwa cha Kusini, ambacho ramani za zamani zilikiita kisiwa cha Höhnel. Mbona hakikai mtu?

Ukubwa wake ni kama kilomita 39 za mraba, na vilele vyake vinapanda zaidi ya mita 300 juu ya maji. Kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, mwaka ule ule kama Kisiwa cha Kati, ambacho kiko upande wa Kalokol na kina maziwa matatu ndani ya kreta zake na mvuke unaotoka ardhini. Kisiwa cha Kati kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1997, pamoja na hifadhi ya Sibiloi. Kisiwa cha Kusini kiliongezwa 2001. Tangu 2018 urithi huo uko katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Mtalii wa kawaida akienda, huenda cha Kati, kwa sababu ni karibu na mashua ni nyingi. Cha Kusini kina sifa nyingine. Loiyangalani, mji ulio ufuoni mwa ziwa, utaambiwa kinameza watu. Sifa hiyo ilitoka wapi?

Ina tarehe. Julai 1934 msafara wa wanasayansi kutoka Uingereza uliwafikisha watu wawili kisiwani wakakipime. Moto wao ulionekana kutoka nchi kavu usiku kadhaa. Kisha haukuonekana tena. Walitafutwa, hata kwa ndege, hawakupatikana. Baadaye vitu vichache vyao, makasia na kofia vikiwemo, viliokotwa kwenye ufuo wa magharibi, mbali upande wa kaskazini. Maelezo ni mengi: mamba, kuanguka majabalini, kuvamiwa, dhoruba. Mengine yana ladha ya kutisha kuliko ushahidi. Kipi kinasimama ukikipima na upepo?

Upepo wa Turkana hutoka kusini mashariki. Unashuka kwa nguvu kati ya mlima Kulal na nyanda za juu zilizo kusini, mara nyingi usiku na asubuhi, na hutulia kidogo mchana. Boti ndogo ikipinduliwa kati ya kisiwa na Loiyangalani, kila kinachoelea kitasukumwa kaskazini magharibi. Huko ndiko vitu vilikookotwa. Nilimweleza hivyo mzee mmoja wa jamii ya El Molo, mvuvi wa tangu utotoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Kijana, hilo kila mtu hapa analijua. Walivuka saa mbaya." Nikamuuliza kama aliwahi kusikia mtu wa kwao akihojiwa wakati ule. Akatikisa kichwa. Kama wavuvi walijua, mbona fumbo limechapishwa kwa miaka tisini kana kwamba halina jibu?

Mzee huyo alinipa pia hadithi ya kisiwa chenyewe, inayosimuliwa kwa namna mbalimbali pande hizo. Zamani palikuwa nchi kavu na chemchemi yenye miiko. Mwanamke akateka maji akasahau kuifunika. Maji yakapanda usiku na mchana mpaka malisho yakazama, na waliokuwa mlimani na mbuzi wao wakabaki wamezungukwa. Hadithi ya aina hiyo ni rahisi kuipokea kwa tabasamu na kuiacha. Sikuiacha, kwa sababu hiyo ni mara ya pili ninasikia maji yakipanda, mara hii kutoka kwa watu wasio na haja ya kumridhisha msafiri wa 1897. Je, ziwa hili hupanda kweli?

Tulivuka mchana, upepo ulipolegea. Nahodha alikuwa kijana, lakini ndiye aliyeamua saa, na kila abiria alinyamaza alipoyatazama maji. Mawimbi ya Turkana ni mafupi na yamesongamana. Boti inapanda na kugonga, inapanda na kugonga. Mpigo wa maji ukikuingia mdomoni unaonja ule ubaridi wa magadi unaokausha ulimi. Tuliteremka kwenye ghuba ndogo yenye changarawe nyeusi. Mamba wawili waliteleza majini walipotuona. Kutoka hapo hakuna njia. Unapanda juu ya lava iliyoganda kwa mikunjo, kali kiasi cha kukata soli, na katikati ya mikunjo kuna majivu ya njano na nyasi kavu. Palipokuwa na kivuli palikuwa na joto. Nilichotaka kuona ni kitu kimoja: mstari wa maji ya zamani uko wapi?

Upo, na hauhitaji chombo. Juu sana ya ufuo wa leo kuna ngazi za changarawe zilizolainishwa na mawimbi, na ndani yake maganda meupe ya konokono wa majini. Nilisimama hapo nikiwa juu kabisa ya ziwa, nikaokota ganda, nikalirudisha mahali pake kwa sababu hapo ni hifadhi. Wanajiolojia wanasema kwamba kati ya miaka 10,000 na 5,000 iliyopita ziwa hili lilikuwa juu kwa makumi ya mita, kiasi cha kumwaga maji yake kuelekea Nile. Malisho yaliyozama ni jambo lililotokea, na lilitokea watu wakiwepo, maana mabaki ya wavuvi wa enzi hizo yametapakaa kwenye kingo za ziwa. Lakini 1897 si miaka 5,000 iliyopita. Je, maji yalipanda na wakati ule?

Wanaofuatilia kina cha Turkana, kwa kusoma taarifa za wasafiri na alama za ufuo, wanakubaliana kwamba miaka ya 1890 ilikuwa ya maji mengi, na kwamba baada ya hapo ziwa lilishuka kwa zaidi ya mita 10 hadi katikati ya karne ya 20. Chanzo ni mvua za Ethiopia, kwa kuwa Mto Omo ndio unaoleta sehemu kubwa kabisa ya maji ya ziwa hili lisilo na mto wa kulitoa. Na katika miaka hii yetu limepanda tena. Loiyangalani nilionyeshwa vibanda vilivyohamishwa na makaburi ya wazee yaliyozama. Basi waliomwambia msafiri wa 1897 kwamba ziwa lilifurika walikuwa wakieleza jambo lililopimika. Walikosea wapi, kama walikosea?

Labda kwenye kuunganisha mambo mawili. Ziwa lilipanda, volkano ikazimika au ikalipuka kwa mara ya mwisho ya kipindi kile, mtu aliyeishi hapo akayaona yote mawili karibu karibu, akayafunga pamoja. Lakini hata hilo silikatai haraka. Maji yakikutana na mawe yaliyoyeyuka, hugeuka mvuke mara moja na kusababisha mlipuko. Si ngano, ndivyo zinavyozaliwa koni za majivu kwenye kingo za maziwa na bahari. Kutoka kwenye mgongo wa kisiwa niliiona Nabuyatom, koni safi kabisa iliyochomoza kwenye ncha ya kusini, maji yakiizingira karibu pande zote. Maji yakishuka inashikana na nchi kavu, yakipanda inakaribia kuwa kisiwa. Moto na maji vinagusana pale mbele ya macho. Mwenyeji aliyesema ziwa lilipiga mlima na mlima ukalipuka, je, alikuwa anasimulia ajabu, au alikuwa anaeleza utaratibu ambao vitabu vya jiolojia viliuandika baadaye?

Siwezi kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa koni ya Teleki. Koni hiyo iko ndani kidogo, na kipimo cha maji ya 1897 kwenye mguu wake kinahitaji mtu mwenye vifaa na muda. Ninachoweza kusema ni kwamba, kwa ushahidi uliopo, toleo lililochapishwa na kurudiwa, la mlima kutoweka, ndilo dhaifu, na toleo la mdomo, la ziwa kufurika, ndilo lenye nguvu. Zaidi ya hapo, volkano hazikunyamaza: mwaka 1921 kuliripotiwa tena mlipuko kwenye safu hiyo ya kusini, na mwaka 1974 Kisiwa cha Kati kilitoa mvuke na salfa kwa wingi hadi ukaonekana kutoka ufuoni. Hizi ni volkano hai. Nani leo anaandika dalili zake kwa lugha ambayo wavuvi wa hapa wataisoma?

Niliporudi Nairobi nilipita Njiru, kwenye machimbo ya mawe yanayojenga nyumba za Kayole, Umoja na Komarock. Mawe yale ya kijivu ni majivu ya volkano yaliyoshikamana zamani sana. Fundi anayeyachonga alinionyesha vipande vidogo vya mawe meusi vilivyonaswa ndani. Nilimpigia yule kijana wa simu nikamweleza. Hakuacha mpango wake wa Sakurajima, na sikumwomba auache. Aliuliza tu nauli ya Loiyangalani ni kiasi gani, kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. "Huyo nyanya wa Majengo, babu yake aliitwa nani?"

Nilirudi kumuuliza. Alinitajia jina la babu, la baba yake babu, na la mtaa wa Pangani ya pwani ambako, anasema, walizikwa. Ninayahifadhi majina hayo kwa ruhusa yake na sitayaandika hapa. Kituo kinachofuata ni huko, kwenye mdomo wa Mto Pangani, kwa familia na misikiti ambako majina ya waliokwenda bara huenda yalitunzwa. Nimewauliza watu wa huko ninaowafahamu kama kuna wazee wanaojua ukoo huo, nao wameniambia nije kabla ya mvua. Je, kuna mahali popote palipoandikwa, kwa mkono wa mtu wa Pangani, wapagazi wa mwaka 1887 walioondoka na Kimemeta ni akina nani, na wangapi walirudi?